Jubilei Ianzie Karakanani

Siku ambayo Express wanacheza nyumbani, njia ya kutoka Nateete kwenda Wankulukuku, hapa Kampala, hugeuka nyekundu. Vijana wa bodaboda huvaa jezi juu ya koti, mama wa chapati husogeza jiko lake karibu na barabara, na mafundi wa kuchomelea vyuma hufunga vibanda mapema kidogo ili wawahi filimbi ya kwanza. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1957, na wapenzi wake huiita Mukwano gw'abangi, yaani rafiki wa wengi. Uwanja wake una jina la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Pili. Baba wa babu yake, Mutesa wa Kwanza, ndiye aliyewakaribisha wageni wakakaa hapa Nateete, wakajenga nyumba za udongo na kuwasha tanuri la mhunzi.

Juni 30, 2027, Kanisa la Uganda, la Kianglikana, litatimiza miaka 150 tangu Luteni George Shergold Smith na Mchungaji Charles Wilson walipofika kwa Mutesa wakitokea ng'ambo ya ziwa. Kutakuwa na kwaya, na mahema meupe, na maaskofu kutoka pembe zote za dunia, na hotuba. Hatuna ugomvi na lolote kati ya hayo. Tutakuwapo, na tutaimba. Tunaomba jambo moja: shangwe hiyo ianzie Nateete. Kanisa hili, pamoja na shule zake, hospitali zake na vyuo vyake, lililelewa karakanani kabla halijapata kanisa kuu. Na mlezi wake mkubwa hakuwa kasisi. Alikuwa mhandisi.

Wasomaji waliopitia shule za bweni za nchi hii wanamjua mwalimu wa namna yake. Asubuhi anafundisha michoro ya ufundi, chaki mkono mmoja, rula mkono wa pili. Saa kumi jioni amevua tai, amefunga kamba za njumu, yuko uwanjani na walewale aliokuwa nao darasani. Hasimami pembeni na filimbi mdomoni. Anacheza beki, anakimbia, anaangushwa, anainuka na vumbi mgongoni, na mpira ukitoka anakuonyesha palepale mguu uwekwe wapi. Kesho yake akichora boriti ubaoni na kueleza kwa nini daraja halianguki, unamwamini, maana jana ulimwona akichubuka goti kwa kosa lililokuwa lako. Shule nyingi zimebahatika kuwa naye mmoja. Wanafunzi wake wakikutana baada ya miaka thelathini, humtaja yeye kabla ya mkuu wa shule.

Alexander Murdoch Mackay alikuwa mwalimu wa namna hiyo kabla ya mpira wa miguu kufika Kampala.

Alizaliwa Oktoba 13, 1849, katika kijiji cha Rhynie, Scotland, baba yake akiwa mchungaji na mtaalamu wa jiografia. Nyumba ilitarajia mchungaji mwingine. Mtoto akapenda vyuma. Alisomea kwanza ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi. Ualimu ulitangulia, na jambo hilo lina uzito wake katika yote yaliyofuata. Akafanya kazi katika karakana za bandari ya Leith, na mwaka 1873 akaenda Berlin kuchora mitambo. Huko alipanda cheo hadi kusimamia idara ya vichwa vya garimoshi. Mtu huyo angeweza kuzeeka Ujerumani akiwa tajiri, na jina lake likaandikwa kwenye bamba la shaba ubavuni mwa injini.

Novemba 1875 barua ya msafiri Henry Stanley ikachapishwa katika gazeti la London, Daily Telegraph, ikisema kwamba Mutesa wa Buganda anataka walimu. Stanley alieleza kwamba mwalimu anayefaa huko si msema maneno tu, bali mtu anayejua pia kujenga, kulima, kutibu na kushika nyundo. Mackay alijitokeza. Aprili 1876 aliondoka Uingereza na wenzake waliotumwa na chama cha wamisionari, CMS. Wakati wa kuagwa aliwaambia viongozi wa chama, wazi na bila machozi, kwamba kabla ya miezi sita kwisha huenda wakasikia mmoja wao amekufa, na siku hiyo wasikate tamaa, watume mwingine mara moja. Alikuwa na miaka 26, mdogo kuliko wenzake wote. James Robertson alifia Unguja kabla ya mwaka huo kwisha. Shergold Smith na mwenzao O'Neill waliuawa Ukerewe Desemba 1877.

Yeye mwenyewe alianguka kwa homa njiani akarudishwa pwani. Akiwa hajapona sawasawa alianza kufyeka barabara kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, maili 230 hivi, mabonde na vichaka na mito, ili magari ya ng'ombe yapite pale ambapo tangu zamani mizigo ilipita vichwani mwa wapagazi. Kazi hiyo ya mwaka 1877 Watanzania wana haki ya kuidai pia. Mhandisi wetu wa Nateete alianza kwa kupima ardhi ya Wadoe na Wazigua na Wasagara, na Kiswahili alichokuja kufundishia Buganda alikiokota huko, kwa wapagazi na wafyeka njia, midomoni mwa watu waliokuwa wanatoka jasho pamoja naye.

Alipofika Kagei, kusini mwa ziwa, mwaka 1878, alikuta mashua ya misheni, Daisy, imekaa juani hadi mbao zimepasuka, na vifaa vyake vimetawanyika kama mali ya marehemu asiye na warithi. Akaitengeneza. Yeye na Wilson wakaingia ziwani, dhoruba ikawatupa ufukwe wa magharibi na kuivunja mashua katikati. Fundi mwingine angelia. Mackay alikata kipande cha katikati kilichoharibika, akaunganisha tezi na omo, na baada ya wiki kama nane mashua fupi zaidi iliendelea na safari. Novemba 6, 1878, alifika makao makuu ya Kabaka.

Miaka karibu tisa iliyofuata ndiyo miaka ya Nateete.

Alijenga karakana: fuawe, mivukuto, kinoo cha kuzungushwa, mashine ya kukereza. Watu walikuja kutazama kinoo peke yake wakajaa uani, maana shoka liliingia butu likatoka linang'aa. Alichimba kisima kilimani na kufunga pampu, na maji yakapanda. Kwa watu waliozoea kuyafuata maji bondeni na kibuyu kichwani, jambo hilo lilikuwa zito kuliko mahubiri. Wakasema huyu ni lubaale, ni mzimu mkuu. Akawajibu kwamba yeye ni mtu kama wao, na kwamba yeyote akionyeshwa jinsi bomba linavyofanya kazi ataweza kulitengeneza mwenyewe. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo. Mtu amepewa nafasi ya kuwa mungu mdogo kilimani, akachagua kuwa mwalimu. Wapo wataalamu wengi wa leo, weusi kwa weupe, ambao wangeipokea heshima ile na kuufunika mtambo kwa turubai ili asione mtu.

Jina alilopewa ni la Kiswahili: Mzungu wa kazi.

Tusiseme kwamba alileta chuma. Buganda na Bunyoro zilikuwa na wahunzi wao, na ukoo wa mhunzi wa Kabaka ulikuwa na cheo chake, Walukaga, kabla Rhynie haijajulikana na mtu yeyote hapa. Pale Nateete walikutana mafundi na mafundi. Mama yake Mutesa, Namasole Muganzirwazza, alipofariki mwaka 1882, Kabaka alitaka azikwe kwa heshima ambayo haijaonekana. Mackay na wahunzi wa ikulu wakafanya kazi pamoja kwa karibu mwezi mzima, wakaunda majeneza matatu, moja ndani ya jingine, mojawapo la shaba, na la nje kubwa kama nyumba ndogo. Walipiga nyundo kwa zamu. Mwezi mzima wa kupiga nyundo kwa zamu hufundisha watu mengi kuhusu wenzao, na hatushangai kwamba Nuwa Walukaga, mhunzi mkuu wa Kabaka, alikuja kuwa mmoja wa wazee wa kanisa lile changa. Mateso ya Wakristo yalipoanza chini ya Mwanga, mrithi wa Mutesa, hakukimbia. Alichomwa moto Namugongo Juni 3, 1886. Kila mwaka mamilioni ya watu hutembea hadi Namugongo, na wachache sana kati yao hujua kwamba mmoja wa waliowaka pale alikuwa mtu wa fuawe.

Kisha kuna mashine ya chapa. Ilikuwa ndogo, na herufi zake hazikufaa kufundishia umati wa watu. Mackay akachonga herufi kubwa kwa mbao, moja moja, akachapisha karatasi za kusomea. Neno la kale la Kiganda la Mkristo, omusomi, maana yake ni msomaji. Watu wa nchi hii hawakuitwa kwanza waumini wala waongofu, waliitwa wasomaji, na jina hilo lilitokana na kusoma. Baadaye alishika tafsiri ya Injili ya Mathayo kwa Kiganda, akaipanga herufi kwa herufi, akaichapisha, huku nje ya ua hali ikiwa mbaya kiasi kwamba aliyekutwa na karatasi ile angeweza kuuawa.

Lakini kabla ya Mathayo wa Kiganda kulikuwa na Mathayo wa Kiswahili. Mutesa alikijua Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekaa katika baraza lake miaka mingi, na wakaacha humo Uislamu na hati za Kiarabu. Kijana mmoja wa misheni ya Unguja, Dallington Muftaa, aliyefuatana na Stanley mwaka 1875, alibaki ikulu akiwa karani na msomaji wa Kabaka. Mackay alipokuja alisoma mbele ya baraza tafsiri ya Askofu Edward Steere, iliyofanywa Unguja. Darasa la kwanza la Nateete, basi, lilifundishwa kwa lugha hii unayoisoma.

Ndiyo maana tunaipenda sana habari ya Sembera. Alikuwa mwanafunzi, mtu mzima tayari, mtumishi katika nyumba ya mkubwa mmoja. Oktoba 1881 alimletea Mackay kipande cha karatasi alichokiandika mwenyewe. Kalamu hakuwa nayo, akachonga ncha ya unyasi mrefu wa porini. Wino hakuwa nao, akautengeneza anavyojua yeye. Akaandika kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba Sembera amekuja na salamu na habari kubwa, anaomba abatizwe kwa sababu ameamini. Machi 18 mwaka uliofuata watu watano walibatizwa, Sembera akiwamo, na jina alilochagua ni Mackay. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba lawama nyingi; kizazi kizima kilikisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, kikakichukia, na mpaka leo wako wazazi Kampala wanaokunja uso mtoto akikileta nyumbani kutoka shuleni. Tungependa wazazi hao wajue kwamba maombi ya kwanza yaliyoandikwa na Mganda kutaka ubatizo wa Kanisa hili yaliandikwa kwa Kiswahili, kwa unyasi, hapa Nateete.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, naye Mwanga, kijana, akarithi. Januari 31, 1885, wavulana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walipelekwa Busega, bonde la kinamasi ambalo leo magari ya Masaka hulipita kwa kasi, wakakatwa mikono na kuchomwa. Lugalama alikuwa mtoto. Siku moja kabla yake Mackay na mwenzake, Mchungaji Robert Ashe, walikamatwa njiani na kusukumwasukumwa, kisha wakaachwa. Wavulana hawakuachwa. Kutoka uani kwa Mackay hadi pale ni mwendo mfupi wa miguu. Ni jambo gumu kuandika, kwamba mwalimu aliyeweza kupandisha maji kilimani na kushona upya mashua iliyokatika hakuwa na chombo chochote cha kuwatoa watoto wale mikononi mwa wauaji wao. Alirudi karakanani. Masomo yakaendelea usiku, na mwaka huohuo wakateuliwa wazee kumi na wawili wa kuliongoza kanisa, Waganda, iwapo Wazungu watafukuzwa au kuuawa. Hapo ndipo mwalimu alipokabidhi timu kwa wachezaji. Alifukuzwa kweli, Julai 1887, na kanisa halikufa.

Haitakuwa heshima kumsifu kana kwamba hakuwa na kasoro. Mackay alikuwa mkaidi. Padri Lourdel na wamisionari wa Kikatoliki walipofika mwaka 1879, aligombana nao mbele ya Mutesa mwenyewe, na baraza lilistarehe kuwatazama Wazungu wakiitana waongo kwa kitabu kimoja. Wanafunzi huiga mwalimu, kosa na sifa. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana kwa bunduki pale Mengo, na nchi hii ililipa gharama ya ugomvi ule kwa miaka mia iliyofuata, katika vyama, katika kugawana vyeo, hata katika ndoa za watoto wetu. Aidha alitaka Uingereza iingilie mambo ya Buganda, na ikaingilia. Mwenye kusherehekea miaka 150 na ayasherehekee yote akijua hayo.

Baada ya kufukuzwa, kule Usambiro, kusini mwa ziwa, Tanzania ya leo, alijenga karakana nyingine. Stanley alimkuta huko Agosti 1889 akiwa na injini anayoiunda na kurasa anazozitafsiri, amezungukwa na vijana wanaofanya kazi. Alisihiwa aende likizo Uingereza. Miaka ilikuwa imefika kumi na tatu bila kurudi nyumbani hata mara moja. Alikataa hadi atakapokuja wa kushika nafasi yake. Februari 8, 1890, homa ilimuua. Alikuwa na miaka 40.

Kanisa lilimkumbuka kwa vitendo katika jubilei yake ya miaka hamsini. Mwaka 1927 mifupa yake ililetwa kutoka Usambiro ikazikwa Namirembe, ambako kaburi liko hadi sasa. Hiyo ndiyo jubilei ya kwanza. Ya pili, miaka mia, ilikuwa mwaka 1977, na wazee wetu hawaisimulii kwa sauti kubwa: Februari 16 mwaka ule Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin, na waumini wakasherehekea karne moja wakiwa wamevaa msiba. Ni mwaka huohuo serikali ilipoipiga marufuku Express. Kwa kijana wa Nateete wa siku zile, basi, kanisa lilikuwa limefiwa na mchungaji wake, na timu yake ilikuwa imenyamazishwa. Mzee mwenye umri wa miaka 70 hapa mtaani anakumbuka vyote viwili kwa pumzi moja. Jubilei ya tatu anastahili kuiona ikiwa na furaha.

Sasa tuseme kwa nini tunang'ang'ania karakana.

Baada ya Mackay, kazi ya mikono haikukatika mara moja. Mwaka 1899 CMS ilianzisha misheni ya ufundi chini ya Kristen Borup, ikafundisha useremala, ufyatuaji wa matofali na uchapaji. Matofali yale yalijenga kanisa kuu la Namirembe lililofunguliwa mwaka 1904, lile lililochomwa na radi mwaka 1910. Borup huyohuyo na Uganda Company ndio walioleta mwaka 1903 mbegu za pamba zilizokuja kuwa uchumi wa nchi nzima. Mwaka 1906 ikafunguliwa King's College Budo, shule ya watoto wa machifu, na taratibu mambo yakabadilika. Mpira wa miguu ulikuwa umeshaingia, walimu na wanafunzi wakiucheza pamoja, na shule za Kanisa zikajaa viwanja vizuri. Viwanja vilibaki. Karakana zikapungua. Kalamu ikawa ya mtoto wa chifu, nyundo ikawa ya aliyeshindwa.

Hata Makerere ilizaliwa karakanani. Mwaka 1922 ilifunguliwa ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, wakisomea useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Leo ukitaja Makerere, nani anafikiria randa na msumeno? Ilipita karibu nusu karne ndipo kitivo cha teknolojia kikaanzishwa huko, mwaka 1970. Mwaka 2011 timu ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa ilipoendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili lililoundwa na walimu pamoja na wanafunzi wao, nchi ilishangaa kama watu wa Nateete walivyoshangaa kinoo. Mshangao huo ulituhuzunisha kidogo. Zaidi ya karne moja baada ya Mackay kutamka kwamba yeyote akionyeshwa ataweza, bado tulihitaji kuona ndipo tuamini.

Wazazi wetu, watu wema wenye kupenda watoto wao, bado husema matokeo yakitoka: huyu amefeli, mpelekeni ufundi. Ufundi umekuwa benchi la wachezaji wa akiba. Na hapohapo, shuka kutoka mzunguko wa Nateete uelekee Ndeeba utazame. Kijana wa miaka 19 anakunja bomba kwa macho tu na linaingia mahali pake. Mwingine anatengeneza mashine ya kukoboa mahindi kutoka kwenye mabaki ya lori. Pale Nalukolongo, kando ya reli iliyojengwa kuelekea magharibi hadi Kasese, kuna karakana ya vichwa vya garimoshi, kazi ileile aliyoiacha Mackay Berlin. Mtaa huu haukuacha kamwe kufanya alichokifanya yeye. Ulifanya bila cheti, bila bima, bila miwani ya kukinga macho na cheche, na bila mtu wa Kanisa kusimama kibandani kusema hii ni kazi yetu, tulianza nayo.

Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono, ambacho ni cha Kanisa hili, sasa kina kitivo cha uhandisi, na timu yake ya mpira hushiriki ligi ya vyuo vikuu. Hilo linatutia moyo kuliko mnara wowote utakaojengwa kwa ajili ya 2027. Tunamtaka mhadhiri wa uhandisi ambaye wanafunzi wake watamwona akiwa na grisi viwikoni saa nne asubuhi na njumu miguuni saa kumi na moja jioni. Tunataka alipwe vizuri, abaki, asikimbilie ofisi. Na tunataka Kanisa litenge sehemu ya michango ya jubilei, sehemu inayoonekana kwenye hesabu, iende kwa mafundi vijana wa Nateete na Ndeeba: mafunzo ya jioni, vifaa vya usalama, na mitihani itakayowapa vyeti bila kuwalazimisha kuacha kazi inayowalisha. Karibu na pale alipoishi Mackay kuna shule yenye jina lake, na kuna pango ambalo wenyeji huwaonyesha wageni, wakisema alikuwa akifundishia humo. Pango lina kibao. Karakana haina.

Maandamano ya Juni 30, 2027, yatafika Namirembe, hakuna ubishi, na yapite kaburini kwa Mackay yakifika. Lakini yaanzie chini. Yaanzie Nateete alfajiri, yashuke kwanza Busega kuwasalimu wale wavulana watatu, kisha ndipo yapande kilima. Maaskofu wavumilie kutembea nyuma. Mbele waende wahunzi na waseremala na mafundi bomba wakiwa na mavazi yao ya kazi, na wachapaji wa Nasser Road, na watoto wa shule na jezi zao, na walimu wao wa michezo katikati yao. Na mbele ya wote hao atangulie kijana mmoja, mwanafunzi, amebeba karatasi moja na unyasi mrefu wa porini uliochongwa ncha.